C Haitembei Bila H

Binti yangu alirudi likizo na begi moja na uso uliokunjamana. Alisimama mlangoni bila hata kuvua viatu, akasema, "Shikamoo mama. Nimepata sapu ya C."

"Marahaba. Ingia ndani, ukungu unaingia na wewe. Umepata nini?"

"Sapu ya C."

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, sekondari, hapa hapa Lushoto, na kama kuna kitu ninachokijua vizuri maishani ni C. Nimezigawa nyingi. C ni mtoto aliyesoma nusu ya kitabu na nusu iliyobaki akamwachia Mungu. Lakini C ni kufaulu. Sapu, kwa asiyejua, ni mtihani wa marudio wa wanachuo walioanguka. Ukianguka na huo, chuo chao kinakurudisha kwenu moja kwa moja, na wenyewe wanasema umedisko, utadhani kuna muziki.

"Unapataje sapu wakati una C?" nikamuuliza. "Nani kasahihisha? Nipe namba yake."

"Mama, C siyo gredi. C ni lugha."

"Lugha ya wapi?"

"Ya kompyuta. Ya kuandikia programu."

Nikavuta kiti nikakaa. Nimefundisha watoto sarufi tangu huyu binti hajazaliwa, na hapo ndipo nilipoona kasoro ya hiyo lugha, mapema kabisa, kabla hata ya kuuliza swali la pili. "Ndiyo maana umeanguka," nikasema. "Katika Kiswahili hatuna C peke yake. C yetu haitembei bila H. Chai, chungwa, cheo, chuo chenyewe unachosoma! Mtu gani mwenye akili anaita lugha C halafu anaacha H nyumbani?"

Hakucheka. Hapo nikajua mambo si mazuri, kwa sababu mwanangu huyu hunicheka hata kanisani. Alivua viatu, akaenda kukaa jikoni karibu na moto, akatangaza kwamba harudi chuoni. Sapu haendi kuifanya. Atabaki hapa alime karoti.

"Karoti zina wenyewe," nikamwambia. "Wewe hujawahi kumaliza tuta moja bila kwenda kunywa maji mara nne."

"Nitajifunza."

"Basi kama unaweza kujifunza karoti, jifunze na hiyo C yako isiyo na H."

Baba yake anafanya kazi Mtae na hurudi nyumbani barabara ikikubali, kwa hiyo ugomvi wote ulikuwa wangu peke yangu. Nilimbana mpaka akanieleza. Chuoni kompyuta ni chache, wanafunzi wengi. Wanakaa watano kwenye mashine moja, na anayeshika kibodi ni yule mwenye kiwiko kigumu. Mwanangu ana kiwiko laini. Alikuwa anatazama migongo ya watu mwaka mzima.

Loo! Kumbe ni hilo tu? Nilipata nguvu ghafla. Kama tatizo ni kompyuta, kompyuta tunayo. Shemeji yangu wa Tanga alituachia ya mapajani aliponunua nyingine. Ni nzito, na betri yake ilishakufa, kwa hiyo ukigusa waya wa umeme inazima papo hapo bila kuaga, lakini inawaka. Nikaitoa kabatini, nikatandika kitambaa changu cha kudarizi juu ya meza ya chakula, nikaiweka katikati. Nikamwita aje.

"Haya. Hiyo C inawekwaje humu ndani?"

"Mama, achana nayo."

"Nimekuuliza inawekwaje."

Akapumua kwa pua. Akasema kwanza inahitajika kompaila. Kompaila ni nini? Ni programu inayosoma ulichoandika chote, kuanzia juu mpaka chini, kabla ya kufanya lolote. Ikiona kosa, inakataa kazi nzima na kukurudishia. Ikiridhika, ndipo inakigeuza kiwe kitu kinachoeleweka na mashine.

"Inakuonyesha kosa liko wapi?"

"Mpaka mstari wenyewe."

"Na haikuonei huruma?"

"Hata kidogo."

Haki ya Mungu, niliipenda hapo hapo. Huyo ni mwalimu! Wenzangu wa siku hizi wanaweka alama ya vema kwenye insha ambayo hawajaisoma. Nikasema kompaila lazima iingie nyumba hii.

Kuingia kwenyewe kulitutoa jasho kwenye baridi. Ilibidi ishushwe kutoka mtandaoni kwa simu yangu, na simu yangu inapata mtandao juu ya kabati la vyombo tu, tena ikiwa imeegemea birika. Ilishuka, ikakatika. Ikashuka tena, ukungu ukaja, ikakatika. Niliweka bando, likaisha, nikaweka lingine, na kila aliyetaka kunywa chai aliambiwa birika liko kazini. Mwishowe ikashuka yote, binti yangu akaifungua na kuiweka kwenye folda aliyoiita kompaila.

"Umeiweka wapi?"

"Kwenye C."

"Kwenye lugha?"

"Kwenye diski, mama. Diski ya kompyuta inaitwa C."

"Mwe! Na diski nayo? Hawa watu alfabeti nzima wameona herufi moja tu?"

Akafungua dirisha jeusi, lile la kuandikia amri, akaniambia sasa tunaiita kwa jina. Jina lake ni gcc. Nilitaka kusema kitu kuhusu C mbili mfululizo na H bado haijafika, nikajizuia. Akaandika gcc, akabonyeza. Mashine ikajibu kwa Kiingereza kirefu kwamba haimtambui, si kama amri ya ndani wala ya nje.

Mwanangu akaegemea kiti. "Si unaona? Hata hapa nimeshindwa."

"Hujashindwa wewe. Haimtambui maana yake nini? Si umemwingiza wewe mwenyewe sasa hivi?"

Alimwandikia mwenzake wa chuoni, mwenzake akajibu kwamba kompyuta ina orodha ya mahali inapotafuta programu zake, na programu ambayo makazi yake hayamo kwenye orodha hiyo ni mgeni, hata kama imelala humo humo ndani. Nilimsikiliza mara moja nikaelewa, kwa sababu sisi hapa tunaishi hivyo hivyo.

"Hajapelekwa kwa balozi!" nikapiga kelele. "Mgeni ameingia mtaani, hajapelekwa kwa balozi! Nani atamtambua?"

Tatizo ni kwamba nina sauti ya kufundishia, na balozi wetu wa nyumba kumi anakaa nyumba ya pili, na dirisha lilikuwa wazi. Mwanangu alikuwa ndiyo kwanza ameiandika folda yake kwenye ile orodha tuliposikia hodi.

"Karibu baba balozi. Shikamoo."

"Marahaba, mwalimu." Alikuwa amevaa sweta lake la kijani na kofia ya kufuma, na sauti yake ilikuwa kavu kidogo. "Nimesikia kuna mgeni amelala hapa bila kuletwa kwangu."

Binti yangu akasimama. "Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umerudi? Mgeni yuko wapi?"

Mwanangu akanitazama, mimi nikamtazama. Akanyoosha kidole kwenye kompyuta. "Yumo humu, babu."

Ningekuwa mimi ningeondoka. Balozi wetu hakuondoka. Ni mtu anayefuata utaratibu, na utaratibu haujasema mgeni lazima awe na miguu. Akavuta kiti, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Jina lake?"

"Gcc."

"Hilo ni jina au chama cha ushirika?"

"Ni jina, babu."

"Anakaa wapi?"

"Kwenye C."

"C ni kitongoji?"

"Ni... ndiyo, tuseme kitongoji. Halafu kuna folda inaitwa kompaila. Hiyo ndiyo niliyoiandika kwenye orodha."

"Hiyo ni nyumba. Nyumba ina vyumba. Mimi siwezi kwenda kumtafuta mtu nikaishia uani. Analala chumba gani?"

Binti yangu akaifungua folda ili amwonyeshe, na kweli ndani kulikuwa na folda nyingine nyingi. Akazipekua moja moja, akamkuta huyo gcc kwenye mojawapo. "Yumo kwenye hii. Inaitwa bin."

"Bin nani?"

"Bin tu, babu."

"Haiwezekani." Balozi alikuwa amekasirika sasa. "Mtu hawezi kuwa bin halafu ikaishia hewani. Bin Shabani, bin Omari, bin fulani. Huyo ametoroka kwao. Mwalimu, huyu umempokeaje?"

Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa kanga, nacheka mpaka mbavu zinauma. Lakini mwanangu alikuwa hacheki, alikuwa ameganda anatazama skrini. "Mama," akasema, "nimesahau bin. Nimeandika mpaka kompaila, sikuandika bin."

Akaiongeza. Akaita tena gcc. Jibu lile lile. Nikataka kuipiga kofi hiyo mashine, mwanangu akanishika mkono, akasema dirisha jeusi likiwa wazi linakumbuka orodha ya zamani, inabidi ulifunge na kulifungua upya.

"Atoke nje apige hodi tena," balozi akasema, akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hiyo ndiyo adabu."

Akalifunga, akalifungua, akaita. Mashine ikasema kuna kosa la kufisha. Nikapiga yowe. Mwanangu naye akapiga yowe, ila la kwake lilikuwa la furaha. "Imeitika, mama! Inasema haijapewa faili la kusoma! Imeitika!"

"Imesema kufisha!"

"Ndivyo inavyoongea!"

Balozi akasimama, akavaa kofia, akasema sasa amemtambua mgeni lakini ukoo wake bado una mashaka, akanywa chai, akaenda zake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwanangu arudi kuona meno yake.

Tukaandika programu ya kwanza siku hiyo hiyo. Ilikuwa ya mistari michache, ya kuifanya kompyuta iisalimie dunia. Mwanangu alikuwa ameandika "Habari dunia", nikamwambia dunia ni kubwa kwake kwa umri, akaandika "Shikamoo dunia". Akampa kompaila asome. Kompaila akakataa, eti hamjui huyu printf, yaani ile amri ya kuandika kwenye skrini. Mwanangu akajipiga kipaji cha uso. Alikuwa amesahau mstari wa juu kabisa, ule unaomwambia kompaila mahali pa kusoma habari za printf. Akauandika mbele ya macho yangu: #include <stdio.h>.

Nikasogeza miwani. Nikasogea mimi mwenyewe. "Hiyo ya mwisho herufi gani?"

"H."

"Rudia."

"H, mama."

"Na bila hiyo H inakataa?"

"Inakataa."

Vigelegele nilivyopiga vilisikika mpaka barabarani. Nilizunguka meza. Nilimwambia yeye, nikaiambia na kompyuta, kwamba nilisema tangu siku ya kwanza, tena mlangoni, C haitembei bila H, na chuo kizima na maprofesa wao wangeniuliza mimi mapema, watoto wa watu wasingepata sapu. Mwanangu alijaribu kunieleza kwamba hiyo H ni ya neno lingine kabisa la Kiingereza. Sikutaka kumsikia. Mpaka leo sitaki.

Basi mimi nikadhani tumemaliza. Mgeni ameingia, ametambuliwa, kazi ianze. Lakini kesho yake mwanangu alikwenda sokoni akakaa huko muda mrefu kuliko mchicha aliorudi nao. Siku iliyofuata alikwenda Gare kumsalimia shangazi yake, jambo ambalo si kawaida yake. Kompyuta ilikaa mezani imefunikwa kitambaa. Nikimwuliza anasema ataandika jioni. Jioni ikifika anasema kichwa kinauma.

Nikasema sawa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu uko mbali, acha mamaye aanze. Alipokuwa Gare nilikaa mwenyewe mezani, nikafungua daftari lake la chuo, nikachagua programu fupi, nikaanza kuinakili ili akirudi aikute inafanya kazi na aone haya.

Niliandika kwa kidole kimoja. Nilivumilia mengi. Niliivumilia printf, neno lisilo na irabu mwishoni, kwa sababu nilishaiona. Lakini mstari wa tatu alikuwa ameandika int main. Mimi ni mwalimu. Nimesahihisha maelfu ya daftari, na mkono wangu una akili yake. Neno la Kiswahili halimalizikii kwenye n namna hiyo. Nikamsikitikia mtoto wangu, kwamba hata kuandika kwa usahihi kumemshinda kwa mawazo, nikamwongezea i. Int maini. Nikaendelea mpaka chini, nikafunga yale mabano yao yenye kiuno, nikamwita kompaila.

Akakataa. Kwa maneno yake marefu, alikuwa anasema main ameitafuta kila mahali hajaiona. Nikakagua. Nikaona nuktamkato zote zipo, nukta juu na mkato chini, kitu ambacho kwenye Kiswahili nimekifundisha miaka yote bila kukiona kikitumika hata mara moja na mtu mwenye afya njema. Kila kitu kipo. Nikamrudia, akakataa tena. Mwanangu alipoingia kutoka Gare alinikuta nimesimama, nimeshika kiuno, naigombeza kompyuta.

"Maini unayatafuta, maini si haya hapa? Nimekuwekea maini! Unataka na figo?"

Akaja akatazama skrini. Akatazama mstari wa tatu. Halafu akakaa chini sakafuni. Alicheka mpaka sauti ikaisha, akabaki anatetemeka tu na machozi yanamtoka, na kila akitaka kusema anasema "na figo" na kuanza upya. Nilikasirika kwanza. Halafu nikaona ni miezi sijamsikia hivi, nikaacha acheke.

Alipopata pumzi akaniambia, akiwa bado sakafuni, kwamba main ndiyo mlango. Unaweza kuandika kurasa mia, lakini mashine inaanzia main, na isipoikuta haina pa kuingilia. Akaendelea. Akanieleza int ni nini, mabano ni ya nini, kwa nini amri inamalizwa kwa nuktamkato. Alieleza vizuri, kwa mifano ya kunde na magunia, na nilipouliza swali la kijinga alinijibu bila kunidharau. Nikamwambia, "Wewe unaijua hii."

"Nikieleza naijua. Nikiandika, ikianza kuniletea makosa, naona giza. Siwezi kuyasoma mama. Macho yanaruka."

"Basi usiyasome. Nitakusomea mimi."

Ndivyo tulivyofanya alasiri zote zilizobaki. Nikitoka shuleni, yeye anaandika, anabonyeza, anafumba macho, na mimi nasoma makosa kwa sauti ya darasani. "Mstari wa saba! Alikuwa anatarajia nuktamkato, ameona neno lingine! Nuktamkato iko wapi, binti?" "Mstari wa kumi na mbili! Huyu jumla ni nani? Hajatambulishwa!" Siku moja alisahau bano moja, likaleta makosa ukurasa mzima, nikasoma mpaka nikaomba maji. Hata mimi sijawahi kumwekea mtoto makosa ishirini kwa kosa moja. Kidogo kidogo akaacha kufumba macho. Akawa anasahihisha kabla sijamaliza kusoma. Watu wanaopita njiani walidhani nafundisha twisheni, na mmoja aliuliza kama naweza kumpokea wake.

Lakini kila nikitaja tarehe ya kuondoka, anakwenda kunywa maji. Ilibaki juma moja. Nilikuwa nafuta vumbi kwenye kompyuta, naisifia, namwambia sasa akifika chuoni kwenye chumba cha mtihani atakaa kwenye mashine na kiwiko chake laini atawashinda wote. Akaniambia polepole, "Mama, mtihani hauna kompyuta."

"Unasemaje?"

"Tunaandika kwenye karatasi. Kwa kalamu."

"Programu ya kompyuta?"

"Ndiyo."

"Kwa kalamu?"

"Kwa kalamu, mama. Ndiyo maana nilianguka. Hakuna wa kukuambia umekosea. Unaandika tu, unakabidhi, unakwenda kulala."

Birika langu! Mabando yangu! Balozi wa watu amekuja na kofia yake! "Na ulijua siku zote hizi? Kwa nini hukusema?"

Akatazama kitambaa cha meza. "Ulikuwa umefurahi, mama. Siku ile ya H ulizunguka meza."

Nilikwenda jikoni, nikapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Niliporudi nilichomoa waya wa kompyuta ukutani, ikazima bila kuaga kama kawaida yake. Nikaleta karatasi za mtihani za shule, kalamu ya bluu kwake, kalamu nyekundu kwangu.

"Andika."

"Mama..."

"Andika. Kompaila ni mimi."

Na nilikuwa kompaila kweli kweli, mbaya kuliko yule wa mtandaoni. Aliandika nusu ukurasa, nikachukua karatasi, nikaanza juu. Mstari wa pili hakuna nuktamkato. Nikapiga mstari mwekundu karatasi nzima, nikamrudishia bila kusoma chini. "Nimekataa." Akaandika upya. Bano limefunguliwa halijafungwa. "Nimekataa." Akaniambia walimu wao hutoa alama hata kwa nusu jibu, nikamwambia hao ni walimu wao. Sikujua nusu ya mambo aliyoyaandika, lakini nuktamkato, mabano, majina yasiyotambulishwa na H yangu ya juu, hayo niliyajua, na hayo ndiyo yaliyokuwa yanamwangusha. Jumatano alilia. Alhamisi alinirushia kalamu. Ijumaa aliandika kurasa tatu, nikazisoma kuanzia juu mpaka chini, nikazisoma tena, nikaifunika kalamu nyekundu kwa kifuniko chake.

Jumamosi asubuhi nilimkuta amevaa, begi liko mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kufanya sapu. Siwezi kuendelea kukaa na wewe, mama. Afadhali mtihani."

Nilimsindikiza mpaka Mombo akapande basi la barabara kuu. Mombo joto, mimi nimevaa sweta mbili, natiririka jasho kati ya wauza machungwa. Nilitaka kumwambia kwamba akianguka arudi, nyumba ipo, karoti zipo, hakuna atakayemcheka nikiwa hai. Nilimpenda pale stendi mpaka kifua kiliuma. Basi likaanza kuondoka, akatoa kichwa dirishani, na kitu pekee kilichonitoka mdomoni, kwa sauti ya darasani mbele ya Mombo yote, kilikuwa, "Nuktamkato!"

Siku ya mtihani alinipigia alipotoka. Akasema msimamizi alimfuata mezani kumwuliza anacheka nini. Hakuweza kumwambia. Kila alipomaliza mstari alinisikia, tena kwa kelele zote, namuuliza huyu ni nani, hajatambulishwa, kile kiko wapi. Alirudi juu kusahihisha mara nyingi mpaka karatasi ikachafuka. Hakujua kama amefaulu. "Lakini leo sikuwa peke yangu mle ndani, mama," akasema, halafu salio lake likaisha.

Matokeo yalitoka nikiwa Kidato cha Pili, katikati ya ngeli. Simu darasani nimeipiga marufuku mimi mwenyewe, na yangu ikalia, nikaipokea. Akasema maneno mawili tu. "Mama, nimefaulu." Niliweka chaki chini. Nilitaka kusema hongera, ikatoka sauti ambayo hata mimi sikuijua, nikakaa kwenye kiti na kulia kwa nguvu, kamasi na yote. Darasa zima likasimama. Kiranja, mtoto mwenye heshima zake, akaja mbele akaniambia pole sana mwalimu, Bwana alitoa na Bwana ametwaa, na wenzake wakaanza kuimba wimbo wa mazishi kwa sauti nne. Niliwaacha waimbe beti zote, kwa sababu waliimba vizuri, na mimi nilikuwa bado nimeshika simu, na upande wa pili mwanangu alikuwa hajakata.